Shemeji anataka ukurugenzi, kampuni ya kuhudumia wazee majumbani (Uingereza)

MamaZai: Habari za jioni, wandugu. Nina kampuni ndogo Leicester, tunaogesha na kulisha wazee majumbani mwao. Shemeji katia mtaji, sasa anataka awe mkurugenzi. Alitangazwa muflisi na kipindi chake hakijaisha. CQC (wakaguzi wa huduma za afya na matunzo) watamchunguza wao, au ni mimi?

Kibwana_wa_Luton: Ni wewe, dada. Kanuni ya 5 ya mwaka 2014, inayotaka wakurugenzi wa huduma hizi wawe watu wanaofaa, inaibebesha kampuni mzigo huo. CQC wakija wanataka faili: DBS (cheti cha rekodi ya uhalifu), historia yote ya kazi, na kila pengo liwe na maelezo. Mimi waliniuliza hadi miaka niliyouza vipuri Mombasa!

Nesi Mstaafu: Faili halitamwokoa. Muflisi wa namna hiyo kanuni inamkataa, na sheria ya 1986 ya kuwazuia wakurugenzi wasiofaa inamzuia kuongoza kampuni yoyote bila ruhusa ya mahakama. Ni jinai. Abaki na hisa zake.

MamaZai: Mume wangu anasema tumpe cheo kingine, “mshauri”.

Nesi Mstaafu: Akiajiri, akifukuza na kuidhinisha malipo, kanuni inamhesabu mkurugenzi tu, mwiteni mtakavyo.