Naomba ushauri: behewa la mizigo la reli ya mita kwa skeli ya 1:87, kuta zake na kutu yake

KijanaWaTabora

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie mawazo.

Natengeneza behewa la mizigo lenye paa na mlango wa kusukuma, la ile reli yetu ya zamani ya upana wa milimita 1000. Skeli ni 1:87. Ninachokitaka ni treni fupi ya mizigo ya Reli ya Kati ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, mabehewa yakiwa bado mali ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla nchi tatu hazijagawana mwaka 1977. Dukani sijaliona behewa la namna hiyo, si hapa si mtandaoni, kwa hiyo nalijenga kuanzia bapa tupu.

Njia nimeshapata. Milimita 1000 ukigawa kwa 87 unapata 11.5, na reli za milimita 12 zinauzwa kwa ajili ya wanaojenga modeli za treni za milimani za Uswisi. Hiyo nusu milimita naikubali. Magurudumu nimeagiza ya upana huohuo, bogi zote mbili, yaani zile fremu za chini zinazobeba magurudumu, nimeshaziunga na zinatembea vizuri.

Nimekwama pawili. Kwanza kuta: bapa za plastiki za kazi hii zinatoka nje na bei yake inaumiza, ukiongeza na posta ndiyo kabisa. Nitumie nini kinachopatikana hapa, na zile ribiti, vile vichwa vya misumari inayounganisha mabati ya behewa, nizipateje? Pili ni kulichakaza. Rangi ya kutu naweza kuichanganya ikafanana na kutu kweli, ila sijui niiweke wapi. Nikitazama picha za mabehewa ya watu wengine naona kahawia kila kona, na behewa linaonekana limepakwa uchafu badala ya kuchafuka. Nataka mtu aliyewahi kufanya kazi stesheni akiliona aseme hili limefika Kigoma.

Mwana_Tanga

Karibu sana mkuu, uzi mzuri huu.

Kwa kuta, kusanya kadi za plastiki zinazobeba laini za simu. Zile mraba mrefu zenye ukubwa wa kadi ya benki, wewe unang'oa laini na kutupa iliyobaki. Unene ni milimita 0.76 na urefu milimita 85.6, zote sawasawa, na hazina herufi zilizovimba kama kadi za benki za zamani. Mtu wa kibanda cha kusajili laini atakupa bure ukimwomba vizuri. Behewa lako likiwa refu kuliko kadi moja, unga mbili na ufiche kiungo nyuma ya nguzo ya mlango.

Gundi: nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue ya mabomba ya plastiki. Inayeyusha nyuso mbili kidogo na kuziunganisha, tofauti na supa gluu inayokaa juu tu na kuachia behewa likidondoka. Paka kwa brashi nyembamba sana, tone dogo. Ifanyie nje au dirishani, ule moshi wake si wa kuvutwa chumbani.

Kadibodi iache kama unaishi pwani. Kwa unyevu wa Tanga inavimba kingo hata ukiipaka vanishi.

BiKarakana

Naunga mkono kadi, ila nitaongeza jambo la unene. 0.76 mara 87 ni kama milimita 66. Hakuna bati la behewa lenye unene huo. Kwenye ukuta mzima hapaonekani kitu, lakini ukitaka mlango uwe wazi nusu, jicho linakamata palepale. Dawa yake ni kuikwangua kingo ya uwazi wa mlango kwa ndani, kwa mshazari, mpaka ule ukingo unaoonekana ubaki mwembamba kama karatasi. Msasa namba 400 kisha 800.

Ribiti sasa. Chukua sahani ya foili ya chakula cha kubeba, ikate bapa, ilaze juu ya kitambaa kinene au ndala ya zamani. Fundi cherehani ana kigurudumu chenye meno cha kuhamishia alama za mshono. Kiegemeze kwenye rula ya chuma, kivingirishe mara moja kwa mkono mtulivu: unapata mstari wa vichomozo vilivyopishana sawasawa, na ukigeuza foili hizo ndizo ribiti zako. Kata ukanda, ubandike kwenye kadi. Futa mafuta kwa spiriti kwanza na upake praima ya chuma, la sivyo rangi itabanduka kwa ukucha.

Halafu hakiki picha yako kabla ya kuanza. Mabehewa ya zamani yaliungwa kwa ribiti, ya baadaye yalichomelewa na hayana ribiti ubavuni. Hii ni kazi ya kuumiza macho, usiifanye kwenye behewa lisilostahili.

Kiberenge

KijanaWaTabora, vipimo umetoa wapi? Naomba ujibu hilo kwanza, maana ukuta ukikatwa kwa kukadiria, hata kutu nzuri haitauokoa.

Kama una picha ya behewa kwa mbele huku reli zikionekana, kipimo unacho tayari: kutoka uso wa ndani wa reli hadi wa pili ni milimita 1000. Upana wa behewa na urefu wake wa kwenda juu unavipata kwa hesabu ya uwiano tu. Kwa ubavu, tafuta picha iliyopigwa kutoka mbali, siyo ya karibu inayopinda kingo. Ukifika Nairobi, makumbusho ya reli yapo pale tangu 1971 na unaweza kusogelea vyombo vya wakati huo kwa futi ya kupimia. Kwenye stesheni na yadi zinazofanya kazi omba ruhusa kabla ya kutoa kamera.

KijanaWaTabora

Ahsanteni sana. Kiberenge, vipimo nimevipata kwa picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavu, na hesabu yako ya reli nitaitumia kuzihakiki leo usiku. BiKarakana, behewa langu ni la ribiti, nimekuza picha nikaziona. Bado la kutu.

MzeeShantingi

Vijana hamjambo. Mimi nimestaafu, nimeshika mabehewa hayo kwa mikono hii. Sijui kutengeneza modeli, lakini uchafu wake naujua.

Mlango wa kusukuma una reli yake chini. Humo ndimo vumbi na maji vinakaa, kwa hiyo ukingo wa chini wa mlango ndio unaoanza kuoza, siyo katikati. Kutu ikianza hapo inatiririka kwenda chini, juu ya fremu. Kutu haipandi. Ukutani pembeni mwa mlango, pale unapopita ukifunguliwa, utaona mikwaruzo iliyolala, mirefu, imenyooka. Ni ya mlango wenyewe kuparuza. Na mshikio wa mlango haukai na kutu: mikono inausugua kila siku hadi unang'aa kwa weusi.

Chini kwenye bogi ni habari nyingine. Breki za chuma cha kusubu zikibana gurudumu zinatoa unga wa chuma, unaruka na kuota kutu palepale. Ndiyo maana bogi yote huwa na rangi moja ya kahawia iliyofifia, imeenea. Kwenye boksi la beringi kuna weusi wa mafuta na vumbi limenasa juu yake. Gurudumu linang'aa pale tu linapokanyaga reli.

Na chaki. Watu wa yadi tulikuwa tunaandika ubavuni kwa chaki, linakokwenda, au alama ya kulitenga likarekebishwe. Maandishi ya zamani yanafutika nusu, mapya yanawekwa juu.

Jambo la mwisho, jiulize lilibeba nini. Behewa la saruji lina weupe unaoshuka kutoka mlangoni, na mvua ikiupiga unaganda. Behewa la chumvi ya Uvinza linaliwa kutoka ndani, rangi ya nje inavimba malengelenge kabla kutu haijatokeza. Huwezi kuweka uchafu wa saruji kwenye behewa la chumvi.

KijanaWaTabora

Shikamoo mzee. Nimesoma mara kadhaa. Nimeamua: hili ni behewa la chumvi, linatoka Uvinza linakwenda Dar es Salaam.

MzeeShantingi

Marahaba mwanangu. Basi sakafu yake iwe mbaya kuliko paa.

FundiRangi_Nai

Heshima kwako mzee, maelezo kama hayo hayapatikani popote.

Kijana, malengelenge ya rangi unaweza kuyapata hivi. Paka ukuta wote rangi ya kutu kwanza, uache ukauke, kisha vanishi. Lowanisha sehemu za chini na kuzunguka mlango, nyunyizia chumvi ya mezani kidogo kidogo, iache ishike. Pulizia rangi ya behewa juu yake. Ikikauka, sugua kwa kidole au mswaki mkavu: chumvi inatoka na kuacha mashimo yenye kingo zilizochongoka, kutu inachungulia. Mikwaruzo ya mlango nayo ni kwa spirei ya nywele katikati ya rangi mbili, ya juu iwe ya maji. Iloweshe, ukwaruze kwa kijiti cha meno ukifuata rula. Michirizi ya kutu weka mwisho: nukta ndogo ya rangi ya mafuta kwenye tundu, halafu ivute kwenda chini kwa brashi bapa yenye tabenitaini kidogo mno.

Kabla ya michirizi hiyo, fifisha rangi ya juu. Jua la kwetu linakula wekundu, paa na sehemu ya juu ya ubavu ziwe zimepauka kuliko chini. Na kwa miaka hiyo usisahau masizi. Vichwa vikubwa vya mvuke vya daraja la 59, vile vilivyopewa majina ya milima, vilichoma mafuta mazito, siyo makaa. Behewa lililowahi kuvutwa navyo kule Kenya lina weusi wa kunata juu ya paa, siyo majivu.

Mwana_Tanga

Kwa vumbi lenyewe mimi natumia udongo halisi. Chota udongo mwekundu wa kando ya reli huko kwako Tabora, uchekeche kwa soksi ya nailoni, basi.

FundiRangi_Nai

Hapo sikubaliani. Kwa 1:87 punje ya soksi ya nailoni bado ni kokoto. Na ukipulizia vanishi juu yake inageuka nyeusi.

Mwana_Tanga

Punje uko sahihi, sikumaliza maelezo. Baada ya kuchekecha, tia udongo kwenye chupa ya maji, tikisa, subiri kidogo mchanga utuame, kisha mimina yale maji ya juu yenye tope kwenye sahani na uyaache yakauke juani. Unaobaki ni laini kama poda ya mtoto. Kuhusu vanishi, usipulizie kabisa. Paka vumbi kwa brashi kavu, gusa ukingo wake kwa tone la spiriti ya dawa, itajivuta yenyewe na kushika. Tone tu, maana spiriti ikizidi inalainisha rangi ya maji iliyo chini. Baada ya hapo behewa lishike kwenye bogi, ubavu usiuguse.

FundiRangi_Nai

Kwa njia hiyo ya kutuamisha nakubali. Nitaijaribu na udongo wa Voi.

BiKarakana

Kabla hujafunga paa, weka uzito. Kadi ni nyepesi, behewa litaruka kwenye kona. Chama cha wanamodeli cha Marekani, NMRA, kwa reli nyembamba za skeli hii kinapendekeza gramu 21 za kuanzia, kisha 10.6 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la sentimita 13 linahitaji gramu 75 hivi kwa jumla. Chubwi za risasi za wavuvi zinafaa, zigonge ziwe bapa, uzipange juu ya bogi pande zote mbili. Zibandike kwa supa gluu au gundi ya kuchanganya mbili. Gundi nyeupe ya mbao usiikaribishe kwenye risasi, polepole inaitafuna, inavimba, na baada ya miaka inapasua sakafu.

KijanaWaTabora

Nimeandika yote daftarini. Kadi nimeshapewa bahasha nzima na dada wa kibanda cha laini. Nitaanza na ukuta mmoja wa majaribio kwa njia ya chumvi, na nitaweka picha hapa kabla sijagusa behewa lenyewe.

Mzee Shantingi, swali moja: yale maandishi ya chaki, yaliandikwa upande mmoja wa behewa au pande zote?

MzeeShantingi

Upande aliosimama mwandishi. Yadi ikiwa na njia nyingi, mwenzake wa upande wa pili naye anaandika ya kwake. Kwa hiyo yawepo pande zote, ila yasifanane.