Kuuza nyumba: dalali wa mtaani au wakala wa mtandaoni?

Mkolani86
Wakuu habari za jioni. Nina nyumba Dar nataka kuiuza, mimi mwenyewe nipo Mwanza kikazi, mwaka wa tatu sasa. Nimebaki na njia mbili.

Ya kwanza ni dalali wa mtaani. Tunafahamiana, ndiye aliyeniletea mpangaji niliye naye. Anataka asilimia 5 nyumba ikishauzwa, mbele hataki hata mia. Ya pili ni wakala wa mtandaoni, wana ukurasa wao, wanapiga picha na video, wanatangaza. Hao wanataka 250,000 mwanzo, halafu asilimia 2 biashara ikikamilika.

Bei ninayoitaka ni milioni 85. Kwa hesabu yangu dalali anaondoka na 4,250,000, wa mtandaoni jumla 1,950,000. Hapo kuna milioni mbili na laki tatu, ada ya mtoto hiyo. Hesabu inanivuta huku, moyo unasita. Waliowahi kuuza, nishaurini.

Fundi Zege
"Nyumba Dar." Dar ipi mkuu? Kuna Dar ya Masaki na Dar ya Chanika.

Shangazi Kaja
Vyumba vingapi, kiwanja ukubwa gani, gari inafika? Ina hati au karatasi ya mjumbe? Mnakuja kuomba ushauri nyumba mmeificha mfukoni.

Mkolani86
Samahanini. Ni Kimara Temboni, ukishuka kituoni unaingia ndani dakika kumi na tano kwa mguu, bajaji inafika mlangoni. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko. Uani kuna vyumba viwili vya kupangisha. Kiwanja 20 kwa 25. Umeme upo, maji ya DAWASA yapo na tanki la lita 2,000.

Fundi Zege
Haina ile X nyekundu ya kubomolewa?

Mkolani86
Haina. Bomoabomoa ya 2017 ilipita kule barabarani, sisi tuko ndani.

Shangazi Kaja
Swali la hati umeliruka kama mtaro.

Mkolani86
Ni leseni ya makazi, shangazi. Urasimishaji wa viwanja ulipita nikachangia, bikoni za mipaka zimewekwa, hati bado tunaisubiri.

Dalali Mstaarabu
Niseme mimi ambaye ni kazi yangu, mwaka wa kumi na mbili huu, kuanzia Ubungo mpaka Kibamba. Hao wa mtandaoni wakishapiga picha wanarudi ofisini. Mteja akitaka kuona nyumba, unadhani anayempokea kituoni ni nani? Wananipigia mimi! Nampeleka, naonyesha, tunagawana. Sasa wewe umelipa 250,000 ya nini, kama mguu unaotembea ni ule ule wangu?

Asilimia 5 watu wanaiona kubwa. Ndani yake kuna nauli, vocha, jua, na wateja kumi na tano waliokuja kushangaa tu wakaondoka. Mpe jamaa yako kazi.

Shangazi Kaja
Dalali Mstaarabu usinichekeshe na mbavu zinaniuma. Ngoja niwasimulie ya kwangu.

2019 niliuza nyumba ya Tabata, ile niliyoijenga kwa vikoba na mandazi. Nikampa dalali mmoja, mtu mzima, baraghashia kichwani, daftari la kaunta kwapani. Nikamwambia nataka milioni 70, nitakupa asilimia 5 yako. Akaandika. Mimi najua nimempa mtu mmoja, kumbe nimeupa mtaa mzima. Wiki ya pili kaja na wenzake wawili. Wiki ya tatu naona vijana nisiowajua wamesimama getini na wateja wao, wanawaelekezea kidole mpaka dirisha la chumba ninacholala. Kila mmoja na bei yake.

Akapatikana mnunuzi, mama mmoja mpole wa Moshi. Nikaona kitu: kila nikitaka kuongea naye, dalali huyu hapa katikati. Nikimkaribisha chai, dalali anasema mteja ana haraka. Namba yake ya simu sikupewa. Siku ya kuandikishana tukakutana ofisi ya serikali ya mtaa, mwanasheria yupo, mashahidi wapo. Mwanasheria anausoma mkataba kwa sauti, akafika kwenye "shilingi milioni sabini". Yule mama akaukumbatia mkoba wake, akauliza taratibu kabisa, "Sabini? Mbona mimi nimeambiwa themanini na nane?"

Kimya. Feni tu ndiyo inalia. Cha juu milioni kumi na nane, na asilimia 5 yangu bado wanaitaka!

Mama kaondoka na hela zake, na simlaumu, alidhani na mimi nimo. Haikuishia hapo. Kesho yake alfajiri nafungua mlango nakuta madalali sita wamekaa barazani kwangu wanadai cha usumbufu. Mmoja ana mswaki mdomoni. Nyumba nikaja kuiuza miezi minane baadaye, milioni 64, kwa jirani yangu, tumeongea wenyewe ukutani.

Fundi Zege
Huyo wa mswaki alijipanga kukaa.

Dalali Mstaarabu
Pole shangazi, hao ni vishoka. Ila cha juu si wizi kila mara. Wenye nyumba wengi wanasema wenyewe: "Mimi nataka 70 yangu safi, kitakachozidi ni chako." Akishasema hivyo, mimi nikiuza 80 kosa langu nini?

Shangazi Kaja
Mimi sikusema hivyo. Na hata ukisema, mnunuzi hajui. Mkifika kwenye mkataba mnaandika bei gani?

Dalali Mstaarabu
Inategemea makubaliano.

Shangazi Kaja
Haya.

Kijukuu wa Bibi
Mimi nilikwenda kwa hao wa mtandaoni, nyumba ya marehemu bibi kule Kinyerezi, ndugu wote tulikubaliana. Picha zilitoka nzuri mpaka nikajiuliza kwa nini tunaiuza. Wana lenzi inayopanua, sebule ya makochi mawili imekuwa ukumbi wa harusi. Simu zikaanza kuingia. Wengi wanauliza "bado ipo?", ukijibu ipo wanapotea. Wengine "bei ya mwisho?" hata salamu hakuna. Waliofika ni saba, na wote wakiingia sebuleni uso unabadilika. Mmoja aliuliza kama kuna sebule nyingine.

Hilo dogo. Ndani ya wiki mbili picha zetu ziko kwenye kurasa tano, namba za simu si zetu, bei imeshushwa milioni 15. Jumapili moja kaja kijana na mchumba wake, wana muamala wa 300,000 waliotuma "kuizuia nyumba". Waliyemtumia hatumjui. Yule binti alilia pale pale kwenye ngazi. Ikabidi tununue rangi nyekundu tuandike ukutani NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Na huku tunaiuza.

Fundi Zege
Sasa mteja wa kweli akija anasoma nini?

Kijukuu wa Bibi
Tulikuwa tunamwambia kwa simu, "ukiona maandishi mekundu usigeuze, ndiyo hapo hapo." Baada ya miezi mitano iliuzwa, na mteja alitoka kwao hao hao wa mtandaoni, niseme ukweli. Yuko Muscat, alikuwa anatafuta kwa simu, akamtuma kaka yake kuja kuangalia. Dalali wa mtaani asingempata huyo.

Mwana wa Likoni
Ndugu zangu nawasoma nikiwa Mombasa. Huku twawaita broka. Kwetu iko sheria ya mawakala wa nyumba, Sura 533, tangu miaka ya themanini, na iko bodi ya kuwasajili. Afanyaye kazi hiyo bila kusajiliwa yuwavunja sheria. Nyinyi muulizeni huyo wakala amesajiliwa wapi, mtandaoni ama barabarani, yote sawa.

Fundi Zege
Na huko Mombasa mabroka wote wamesajiliwa?

Mwana wa Likoni
Hehe. Aliyenitafutia nyumba Bamburi ofisi yake ilikuwa pikipiki. Lakini sheria iko.

Wakili wa Kienyeji
Mleta mada, umeuliza nani akuuzie, na hujasema nani atakuwa pale siku nyumba inaonyeshwa. Uko Mwanza. Hiyo ndiyo shida yako, asilimia baadaye. Mpangaji wako anajua unauza? Maana akikasirika kila mgeni ataambiwa mvua ikinyesha maji yanaingia chumbani.

Mengine kwa haraka. Yeyote utakayemchukua, andikishaneni: bei, asilimia yake, muda (mimi huweka siku 60), na kwamba utakutana na mnunuzi uso kwa uso kabla ya senti kutoka. Anayekataa hilo la mwisho, mwache siku hiyo hiyo. Picha ya leseni usiitume WhatsApp ikiwa nzima, funika namba na jina. Anayetaka kuiona yote aje na mwanasheria wake.

Halafu leseni si hati. Ungekuwa na hati, uhamisho ungekwenda na fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, mnunuzi anafanya upekuzi ofisi ya ardhi, analala usingizi. Leseni ina muda, angalia yako isije ikawa imekwisha. Anayenunua kwa mkopo wa benki akisikia leseni wengi wao wanarudi nyuma, kwa hiyo mteja wako ni wa fedha mkononi, na huyo mara nyingi yuko mtaa wa pili, hayuko mtandaoni. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, umeipigia hesabu? Risiti za saruji na nondo, za kuonyesha ulitumia ngapi, unazo?

Na la mwisho, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 nyumba ya familia huiuzi bila ridhaa ya mwenzio. Mkeo anajua?

Mkolani86
Asante sana wakili. Leseni haijaisha, nimeangalia. Mpangaji sijamwambia, kodi yake inaishia mwezi wa nane. Risiti ninazo za bati tu, fundi wa msingi alikuwa haandiki. Hiyo ya kukutana na mnunuzi nimeipenda.

Kijukuu wa Bibi
Usisahau asilimia 10 ya serikali ya mtaa. Sisi tulitoa.

Wakili wa Kienyeji
Mlitoa kwa kifungu gani?

Kijukuu wa Bibi
Kwa kifungu cha mwenyekiti kushika muhuri.

Shangazi Kaja
Kwangu walitaka 10, tukakaa, tukamalizana kwa laki tano na soda. Risiti walinipa ya "mchango wa maendeleo". Darasa lililojengwa sijaliona.

Dalali Mstaarabu
Hiyo ni desturi jamani, mtaa ndio unakufahamu. Siku ya mgogoro nani atakuja kusema nyumba ni yako?

Wakili wa Kienyeji
Ushahidi si bidhaa. Kama kuna sheria ndogo ya halmashauri naomba niione, ikiwa na namba yake. Nimeomba miaka mingi.

Fundi Zege
Mimi naona jamaa asiuze kabisa. Kimara hiyo! Mabasi ya mwendokasi yameanza 2016, barabara ya njia nane ipo mpaka Kibaha. Vyumba viwili vya uani vinakulipa, kaa na nyumba yako.

Kijukuu wa Bibi
Mwendokasi ya kupanda dirishani unaipandishia bei?

Fundi Zege
Dirishani ni asubuhi tu.

Shangazi Kaja
Na jioni je? Mimi nilipoteza kiatu Kimara Mwisho, mguu mmoja, nikaenda kazini hivyo hivyo nikiwa nimeshika kingine mkononi. Mwananyamala nzima ilinitazama.

Mwana wa Likoni
Shangazi, kile kiatu kilipatikana?

Shangazi Kaja
Kilipatikana wapi, wewe nawe.

Dalali Mstaarabu
Tumetoka nje ya mada. Mkuu Mkolani, kwa nyumba ya leseni Temboni ndani, milioni 85 ni bei ya mtu asiye na shida. Sokoni inasoma 65, ikizidi sana 70. Nina mteja wa haraka, hela taslimu. Njoo inboksi.

Shangazi Kaja
Mteja wa haraka huyoo. Na 65 hiyo ni safi ya mwenye nyumba, au cha juu kimo ndani?

Mkolani86
Wakuu samahani nilikuwa kimya siku mbili. Mambo yamebadilika kidogo. Kabla sijaamua nilimtumia jamaa wa mtandaoni picha nne tu akadirie bei, sijasaini wala sijalipa kitu. Leo mdogo wangu kanitumia tangazo kaliona Instagram: nyumba yangu, geti langu la bluu, na ndoo ya mpangaji inaonekana pale pembeni. Bei milioni 62. Namba si ya yule jamaa, nimempigia anasema na yeye anashangaa. Yule dalali wangu wa mtaani naye kaliona, kanuna, anasema nimemzunguka.

Sasa hivi mpangaji kapiga simu, kuna watu wawili getini wanataka kuonyeshwa nyumba. Anauliza afungue au asifungue.

Kijukuu wa Bibi
Rangi nyekundu tulibakiza nusu kopo.

Fundi Zege
Mwambie awaulize wametuma shilingi ngapi, na kwa nani.

Wakili wa Kienyeji
Asifungue. Achukue majina na namba zao, awaambie hakuna aliyeruhusiwa kupokea hela ya nyumba hiyo, halafu wewe ukaripoti polisi hapo Mwanza, tangazo ukiwa umelipiga picha pamoja na hiyo namba. Na lile swali langu la mwisho hukulijibu.

Mkolani86
Lipi wakili?