Poka ya mtandaoni Marekani: muswada wake peke yake, au pamoja na kamari zote?

Wakuu, wanaodai poka ya mtandaoni (mchezo wa karata wa kushindania pesa) ihalalishwe Marekani wamegawanyika. Wapo wanaotaka muswada wa poka peke yake, na wapo wanaosema iingizwe kapu moja na sloti (mashine za kamari) na ruleti (gurudumu la kubahatisha), kwa kuwa kasino ndizo zenye pesa ya kuwashawishi wabunge. Mimi niko na kundi la kwanza, ila silaha wanayoitegemea naiona butu.

Wanasema poka ni akili, si bahati. Ni kweli kabisa, lakini imewafikisha wapi? Mwaka 2012 Jaji Jack Weinstein wa Brooklyn aliikubali hoja hiyo na kumfutia hatia mtu aliyekuwa akiendesha michezo ya poka. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikairudisha hatia. Na mbunge asiyecheza poka, umweleze hesabu za karata hadi usiku, bado ataona kamari tu.

Zungumzeni naye pesa ya mchezaji. Kwenye sloti unashindana na kasino, na ukiliwa ndiyo faida yake. Kwenye poka wachezaji wanashindania pesa zao wenyewe, mwenye tovuti anakata kamisheni. Kwa hiyo sheria yake ina swali lake: zile pesa walizoweka anazitunza nani? Tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki waanzilishi wa tovuti za poka za PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker. Baadaye walieleza mahakamani kwamba Full Tilt ilikuwa inadaiwa na wachezaji takriban dola milioni 390, na benki ina kama milioni 60 tu. Wamarekani walianza kurudishiwa chao mwaka 2014! Miaka yote hiyo mtu anasubiri pesa yake mwenyewe, kwa sababu hakukuwa na leseni wala mkaguzi wa nyumbani. Mbunge wa chama chochote anaelewa mpigakura aliyedhulumiwa.

Najua mtanitajia jimbo la Nevada: iliruhusu poka peke yake, ikaanza kuchezwa 2013, na soko limebaki dogo. Sawa, lakini kinachoibana Nevada ni uchache wa watu, maana poka haichezeki bila wa kukaa naye mezani. Dawa yake ni majimbo kuunganisha wachezaji, kama Nevada na Delaware walivyokubaliana 2014 na New Jersey ikajiunga baadaye. Sloti haziongezi mtu hata mmoja kwenye meza ya poka.

Kigumu kwangu ni California. Miswada ya poka peke yake imekufa huko mmoja baada ya mwingine, makabila ya Wahindi Wekundu yenye kasino yakivutana na viwanja vya mbio za farasi, na yenyewe kwa yenyewe kuhusu kama PokerStars iruhusiwe. Mwaka 2016 viwanja viliahidiwa hadi dola milioni 60 kwa mwaka vikae pembeni bila kuendesha poka, na muswada haukupita. Mnaotaka kapu moja, nielezeni: mkiongeza sloti kwenye muswada ule, ni nani kati ya hao angeacha kuupinga?