Tupeane uzoefu: stempu walizorudi nazo babu zetu kutoka vitani

Wakuu, wengi wetu tuna mzee aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki. Medali tunawaonyesha wageni, lakini barua na stempu zinaliwa na mchwa sandukuni. Tuzitoe. Eleza una nini, nani alikileta na alikitoa wapi.

Naanza na babu mzaa mama. Vita vya Hitler vilimpitisha Somalia, vikamfikisha Burma (Myanmar ya leo). Hakuwa mtu wa kusimulia, ila ukizipanga stempu zake unaiona njia yake. Kuna za Mwitaliano zenye maandishi Africa Orientale Italiana, yaani Afrika Mashariki ya Mwitaliano. Zinafuata za Mfalme George wa Sita, stempu za Uingereza kabisa, zilizogongwa juu yake herufi E.A.F. (East Africa Forces, majeshi ya Afrika Mashariki). Hizo zilianza kutumika Somalia mwaka 1943, Mwitaliano akiwa ameshang'olewa. Mwisho ni za Burma chini ya Mjapani, zina tembo aliyebeba gogo.

Bahasha ninayoithamini kuliko zote ina mhuri wa duara, East Africa A.P.O. (Army Post Office, posta ya jeshi), na namba. Posta ya jeshi ilitumia namba ili barua ikiangukia mikononi mwa adui asijue kikosi kiko wapi. Pembeni kuna mhuri wa mkaguzi wa barua za askari. Nyuma, bibi ameandika kwa penseli hesabu ya mahindi aliyouza. Ndiyo maana nawasihi msibandue stempu kwenye bahasha. Ukishailoweka, mhuri umekatika na barua imepoteza ilikotoka. Haya, karibuni.

Mchangiaji, Lushoto: Kwetu ni vita vya kwanza. Baba yake babu alikuwa mpagazi wa jeshi. Ziko za Mjerumani zenye meli ya Kaiser, mfalme wao, iitwayo Hohenzollern, bei kwa heller, senti za Mjerumani huku kwetu, na za George wa Tano zilizogongwa G.E.A. (German East Africa). Na hapa jirani, Vuga, mwaka 1916 misheni iliwachapia Wajerumani stempu kwa sababu manowari za Mwingereza zilikuwa zimefunga bahari. Kabla hazijatumika, meli iitwayo Marie ikapenya na stempu kutoka Ulaya. Zile za Vuga zikaja kufukiwa ardhini Mwingereza asizipate. Nikipita pale huwa nasimama.

Mchangiaji, Bujumbura: Babu wa mume wangu alikuwa Force Publique, jeshi la Kongo lililoingia Tabora Septemba 1916. Tunayo stempu moja tu ya Kongo, imegongwa kwa Kifaransa na Kiflemi kwamba hapa ni kwa Mjerumani lakini Mbelgiji ameshika. Imegandia ndani ya kitabu cha nyimbo. Niitoeje?

Mwanzisha mada: Dada, usiitoe! Iache humo humo, juu yake weka karatasi nyeupe safi. Leminesheni usiguse kabisa, na mifuko ya plastiki laini ya dukani huharibu wino.

Mchangiaji, Mombasa: Zetu ziliuzwa kwa mtalii, bahasha zote kwa mkupuo. Inaniuma mpaka leo.

Mchangiaji, Kisumu: Stempu ninazo chache, za Ceylon (Sri Lanka ya leo), alikopumzishwa babu kabla ya Burma. Ila shangazi yangu yupo, na ndiye aliyekuwa akimsomea bibi barua hizo akiwa mtoto wa shule. Nimeanza kumrekodi kwa simu. Jana amenitajia jina la karani aliyewaandikia askari wasiojua kusoma, na kwamba barua zote zilianza kwa maneno yale yale. Wenye bahasha za Keya, hebu angalieni barua zenu zinaanzaje.