Mjadala: Kesi ya mauaji bila vinasaba (DNA), ihukumiwe?

Kijana wa Sakina: Wakuu, mtu anahukumiwa kunyongwa kwa maneno ya shahidi aliyeona gizani. Kwa nini vinasaba visiwe lazima kila kesi ya mauaji? Mkemia Mkuu wa Serikali yupo na maabara yake ya kupima, sheria ya vinasaba ipo tangu 2009. Tatizo ni sisi, hasa akina mama: maiti haijapoa wameshashika ndoo na dekio.

Mama Neema, Pasua: Akina mama tena? Kaka yangu alipouawa hapa Moshi, aliyedeki ni mimi. Polisi walimbeba marehemu wakaondoka, hakuna aliyeniambia nisiguse. Mwanawe wa mwisho alishakanyaga damu na soksi nyeupe za shule. Ningewalaza watoto pale?

Mzee wa Kijenge: Pole sana mama. Ila kijana hajakutaja wewe.

Mama Neema, Pasua: Kanitaja. Soma tena.

Mangi wa Kibosho: Watu wa Arusha mtufundishe usafi wa ushahidi? Kwenu mwizi anavishwa tairi mchana kweupe, mtaa mzima unaangalia na hakuna shahidi hata mmoja!

Kijana wa Sakina: Na Moshi hamchomi? Usinichokoze.

Mzee wa Kijenge: Jamani, hoja. Uingereza si walipima wanaume wote wakampata muuaji?

Binti Maabara: Si wote, mzee. Ni maelfu ya wanaume wa maeneo ya karibu na Leicester, baada ya wasichana wawili kuuawa, 1983 na 1986. Kijana wa miaka 17 alishakiri mauaji mojawapo, vinasaba vikaonyesha si yeye. Kwangu hilo ndilo kubwa: kipimo kilianza kwa kumwokoa mtu. Muuaji, Colin Pitchfork, alimtuma mwenzake wa kazini akatoe damu kwa jina lake. Mwenzake akaropoka baa, mtu akasikia.

Mangi wa Kibosho: Basi kilichomkamata ni mdomo, si maabara!

Binti Maabara: Mdomo ulimleta, maabara ikathibitisha. Tena ndoo ya mama si mwisho wa ushahidi. Nguo yenye damu ikikaushwa, ikawekwa kwenye bahasha ya karatasi, inapimika. Ikifungwa mbichi kwenye rambo inaoza, vinasaba vinaharibika.

Mama Neema, Pasua: Shati la kaka walilitia kwenye rambo mbele yangu, likiwa linatona.

Kijana wa Sakina: Mama, naomba radhi. Lile shati lilifika maabara?

Mama Neema, Pasua: Nimeuliza mara tatu. Mara ya mwisho nikaambiwa nilete namba ya jalada. Sikuwahi kupewa namba.