Wakuu, Fw 190 (ndege ya kivita ya Wajerumani) ikinishukia kutoka juu nachomokaje?

Mrusha_Mk9: Habari zenu wakuu. Narusha Spitfire Mk IX, ndege ya kivita ya Waingereza, kwenye seva za IL-2, gemu ya ndege za Vita vya Pili vya Dunia. Tukianza mwinuko mmoja simwogopi mtu. Shida ni hawa wa Fw 190 wanaotokea nyuma juu na spidi ya kufa mtu. Nikikata kona anapita, anapanda, anageuza, anarudi. Safari ya tatu spidi imeniishia, nadunguliwa. Nikisema nikimbilie chini ndiyo kabisa. Naombeni ushauri.

KipangaMzee: Kumkimbia kwa kupiga mbizi kwenda chini sahau, mkuu. Juni 1942 rubani wa Kijerumani, Armin Faber, alitua kimakosa Pembrey, Wales, Waingereza wakajiokotea Fw 190 nzima. Walipoipambanisha na Spitfire Mk V, toleo la kabla ya hilo lako, ikaishinda karibu kila kitu isipokuwa kukata kona. Mk IX ilipunguza pengo, ila kwenye mbizi na kubingirika jamaa bado yuko juu yako.

Sasa hiyo kona unaikata lini? Akiwa bado kilomita moja na nusu umewahi mno, anarekebisha tu na kukusubiri mbele. Mwache aje. Kodolea pua yake. Ikiwa inakutazama wewe wakati unageuka, risasi zitapita nyuma yako. Ikianza kutangulia mbele yako, huyo anataka kupiga. Hapo, kwenye mita 500 au 600, laza bawa upande anaotokea na uvute, pua ishuke kidogo chini ya upeo wa macho ili spidi isiishe yote.

Na hapa ndipo unapofia, nahisi: akishapita, LEGEZA joistiki. Nyoosha mabawa, shusha pua, injini nguvu zote, huku shingo imegeuka kumfuata anakopanda. Zile sekunde anazopanda na kugeuza ni zako za kurudisha spidi. Ukiendelea kuzunguka wakati hakuna anayekupiga, unamsaidia kazi.

Tiara: Mbona mnajitesa? Mi nakata nguvu ya injini, anapitiliza, nampiga mgongoni.

KipangaMzee: Kwa mgeni sawa. Mzoefu akiona umepungua ghafla anavuta juu, na wewe umebaki huna spidi wala mwinuko. Mwenzake akiwa karibu, kwisha habari.

Bawa_la_Kushoto: Ukichelewa kumwona na risasi zimeshaanza kupita, usikate kona safi. Anayepiga anahitaji ndege yako iende njia anayoweza kuikisia. Kanyaga pedali ya usukani wa mkia, ndege iteleze kando, bingirika kidogo huku unavuta, badili upande. Haipendezi macho, lakini inamharibia shabaha.

Halafu kwa nini unaruka peke yako? John Thach wa jeshi la majini la Marekani alikuwa na ndege za kivita aina ya Wildcat, zilizozidiwa na Zero za Wajapani kwa kona na kwa kupanda. Mbinu yake ilikuwa ndege mbili ubavu kwa ubavu, zenye nafasi kati yake. Mmoja akifuatwa, wote wanageukiana, na anayefukuza anajikuta mbele ya bunduki za yule wa pili. Kwenye vita vya Midway dhidi ya Wajapani, mwaka huohuo wa 1942, ilifanya kazi.

Mrusha_Mk9: Shukrani wakuu. Nikivuta joistiki sana kioo cha kompyuta kinakuwa cheusi, kama rubani anazimia, hapo je?

KipangaMzee: Kiza kikianza pembeni punguza kidogo, usisubiri kijae. Ukizimia humwoni, na hujui uligeukia wapi. Kwa mazoezi, weka Fw 190 inayorushwa na kompyuta mita 1000 juu yako, zima bunduki zako, kazi yako iwe kukwepa tu.