Tupeane uzoefu: mzee anayedhoofika akiwa nyumbani

Mkwe wa Ngamiani (mwanzisha mada)
Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Mama mkwe wangu amevuka miaka 75 na anaishi nasi hapa Tanga mjini. Hana homa wala kidonda, lakini tangu Ramadhani iliyopita magauni yamekuwa yakimpwaya, hatua zimekuwa fupi, na birika la kutawadhia, ambalo alizoea kulinyanyua kwa mkono mmoja, sasa analibeba kwa miwili. Majirani wanasema ni uzee tu.

Daktari aliyemwona alitueleza dalili 5 za kudhoofika ambazo mtafiti Linda Fried na wenzake wa Marekani walizipanga mwaka 2001: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka kupita kiasi, mkono kukosa nguvu za kushika, mwendo wa polepole, na kutojishughulisha. Mwenye 3 au zaidi huhesabiwa kuwa amedhoofika. Mwenye 1 au 2 yuko njiani, na huyo ni rahisi zaidi kumwahi. Ningependa wenye wazee majumbani waeleze chanzo walichokiona wao, kwa maana siamini kwamba umri peke yake ni jibu.

Binti Makorora
Kwa baba yangu chanzo kilikuwa meno. Magego yalipokwisha aliacha samaki na kunde kimyakimya, akabaki na uji mweupe na mkate wa kuchovya kwenye chai, nasi tukiona bakuli limerudi tupu tunaridhika kwamba amekula. Wataalamu wengi hupendekeza mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 50 hadi 60 kwa mwenye kilo 50, kiasi ambacho uji mtupu hauwezi kukifikisha. Siku hizi samaki wake anachambuliwa miiba na kuvurugwa kwenye mchuzi, kunde zinapondwa kwa mwiko, na uji unatiwa maziwa na karanga. Uzito umeanza kurudi, ingawa kwa mwendo wa kobe.

Mstaafu wa Chumbageni
Mimi ni mzee mwenyewe, basi nisemee upande wetu. Watoto wetu wana heshima iliyopitiliza: ukishika ufagio unanyang'anywa, ukitaka kwenda sokoni unaitiwa bajaji, ukiinuka unaambiwa "kaa babu, upumzike". Misuli isiyotumika hupukutika, na kwetu sisi hupukutika upesi. Watafiti waliwahi kuwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu, wakakuta wamepoteza takriban kilo 1 ya misuli ya miguuni. Mwanangu wa Ngamiani, kama daktari hajamkataza mama, mwacheni akune nazi yake mwenyewe, kwa sababu kukaa kwenye mbuzi na kuinuka tena ni mazoezi tosha ya mapaja (na tui mtalifaidi nyote).

Mpwa wa Pongwe
Shangazi yangu ana sukari na presha. Alikuwa akipata dawa katika kliniki mbili tofauti, na nyingine za maumivu ya magoti akijinunulia dukani. Akawa anapata kizunguzungu kila anaposimama, hadi usiku mmoja akaanguka akielekea msalani. Hakuvunjika, ila hofu ya kuanguka tena ikamweka mkekani, na miguu ikazidi kulegea. Kutumia dawa 5 au zaidi kwa pamoja ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na kudhoofika. Tulizikusanya zote katika mfuko mmoja, tukamwonesha daktari mmoja, naye akaondoa baadhi na kupunguza kipimo cha ile ya presha.

Mjukuu, Raskazone
Kwetu ulikuwa upweke. Babu alipofiwa na bibi aliacha bao na baraza, kisha akaacha na kula.

Mkwe wa Ngamiani
Ahsanteni sana, na shikamoo mzee wa Chumbageni. Tumempima mama kama tulivyoelekezwa: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi. Kufikia sekunde 12 au kuzidi huonesha hatari ya kuanguka, naye amezidi, hivyo wiki hii tunarudi kwa daktari tukiwa na mfuko wa dawa. Mbuzi ameshakabidhiwa. Dada wa Makorora, hizo karanga za uji unazisaga mbichi au zilizokaangwa? Mama naye ana mapengo.